DIRHAMU YA PILI: Wajibu wa Serikali Katika Kuwafunza Upya Waliopoteza Kazi

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi, na kuandikwa tena kwa ajili ya wasomaji wa jarida)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, mwezi huu mtukufu tunazungumza sana juu ya kutoa. Tunatoa futari, tunatoa sadaka, na kabla ya swala ya Idd tutatoa Zakatul-Fitr. Yote hayo ni kheri. Lakini angalia vizuri katika mitaa yetu. Kuna watu ambao kila Ramadhan tunawakuta katika foleni ile ile ya unga, sukari na tende, na si zamani sana wao ndio waliokuwa watoaji. Hawakuwa wavivu, wala si wavivu leo. Kazi yao ndiyo iliyoondoka.

Basi mimi, mwanafunzi mwenzenu wa chuo kikuu, nimeombwa nizungumze juu ya jambo hili: kazi ya mtu ikiondoka, nani ana jukumu la kumfunza nyingine? Na mafunzo hayo yawe vipi ili yasiishie kuwa karatasi ya kufungia kabatini? Wazee watanivumilia nikisema maneno yaliyo makubwa kuliko umri wangu.

KISA CHA SHOKA

Wengi wetu tuliosoma madrasa tunakijua kisa kilichopokewa na Abu Dawud na wengineo kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Wanavyuoni wa Hadithi wameizungumzia isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi sahihi zinazohimiza mtu kukata kuni akauza kuliko kuomba.

Mtu mmoja katika Ansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume hakumfukuza, wala hakumpa kitu pale pale akaenda zake. Alimuuliza kwanza nyumbani kwake kuna nini. Yule bwana akasema ana nguo nzito, upande wanajifunika na upande wanatandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mwenyewe mbele ya watu. Mmoja akafika dirhamu moja. Mtume akauliza nani atazidisha, na mwengine akatoa mbili. Dirhamu ya kwanza yule bwana aliambiwa awanunulie chakula watu wa nyumbani kwake. Dirhamu ya pili anunue shoka, alilete. Lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, na asimuone kwa siku kumi na tano. Siku zilipotimia alirudi na dirhamu kumi.

Ndugu zangu, tukisikia kisa hiki tumezoea kusema kuwa kinakataza kuomba. Ni kweli. Lakini tutazame pia upande wa pili, upande wa kiongozi. Mtume (S.A.W.) ndiye aliyekuwa mkuu wa mji wa Madina. Tazameni alifanya mambo mangapi. Aliuliza mtu ana nini tayari. Alihakikisha nyumba yake haitalala njaa wakati anaanza kazi mpya. Alimpatia kifaa, na hakumuachia chuma kitupu, alikitia mpini. Alimuelekeza kwenye kazi yenye wanunuzi, maana kila jiko lahitaji kuni. Kisha akamuwekea muda na akasubiri hesabu.

Kwa maoni yangu, ukiyashika hayo matano umeshika kipimo cha kupimia mpango wowote wa serikali wa kuwafunza wasio na kazi. Na ukipima, utaona kuwa sisi Kenya tumekuwa hodari wa dirhamu ya kwanza. Dirhamu ya pili ndiyo inayotushinda.

KAZI HUONDOKA VIPI?

Kazi huondoka kwa njia nyingi. Mashine huja. Kilindini palikuwa na mabega ya watu yaliyopakua magunia, kisha zikaja kontena na kreni, na mabega yakawa hayahitajiki tena kwa wingi ule. Ujuzi nao huzeeka. Fundi wa gari aliyejifunza kwa kabureta na plagi anafunguliwa boneti leo anakuta kompyuta. Na mara nyingine kazi huondoka kwa sababu serikali yenyewe imekata shauri.

Hapa kwetu Pwani tuna mfano ambao hauhitaji kuelezwa sana. Reli mpya ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa karibu kilomita 472, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017 kwa abiria, na mizigo ikaanza kubebwa Januari 2018. Kisha Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo yote inayoingia kutoka nje na kwenda Nairobi na bara ipitie reli. Nyinyi mnakumbuka yaliyofuata: watu waliandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Oktoba mwaka huo amri ikasimamishwa. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kuwa amri ile ilikiuka Katiba. Na Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zitarudishwa katika bandari ya Mombasa.

Mimi sikuja kubishana kama reli ni nzuri au mbaya. Nchi yahitaji reli. Ninachosema ni hiki: katika zogo lote lile tulibishana kuhusu kontena, zipite wapi. Tulizungumza kidogo mno kuhusu mtu. Lori moja halimlishi dereva peke yake. Kuna taniboi, kuna fundi wa magurudumu, kuna mchomeleaji, kuna mama mwenye kibanda cha chakula Mariakani, kuna mwenye nyumba ya kulala wageni Voi na Mtito Andei. Serikali ilipokuwa inapanga reli ilijua idadi ya mabehewa. Ilipaswa pia kukaa na watu hawa mapema na kuwauliza: nyinyi mna nini mkononi, na tuwapeleke wapi?

Amri inaweza kufutwa na mahakama, bwana. Lakini mtu aliyeuza lori lake kwa hasara, au aliyefunga kibanda na kumtoa mtoto shule, hukumu ya mahakama haimrudishii.

SHERIA ZASEMAJE?

Tusidhani tukidai mafunzo tunaomba hisani. Kifungu cha 55 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Dola ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yafaayo, na wapate ajira. Ratiba ya Nne ya Katiba hiyo imegawa kazi baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti, na imeziweka politekniki za vijijini mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mtu akikwambia chuo cha ufundi cha wadi yenu kimekosa mwalimu kwa sababu ya Nairobi, muulize vizuri.

Na katika mstari huo huo wa Ratiba ya Nne yametajwa pia mahali pa kulelea watoto. Tafadhali liwekeni hili akilini, nitalirudia.

Sasa njoo kwenye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 40 kinazungumzia mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena. Lazima apewe notisi, na alipwe mshahara wa siku zisizopungua kumi na tano kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Siku kumi na tano! Lakini tofauti na zile za kisa chetu, hizi ni siku za pesa pekee. Kifungu hicho hakimlazimishi mwajiri wala serikali kumfunza yule mtu kazi nyingine. Aliyefanya kazi miaka minane anapewa mshahara wa miezi minne hivi, na mlango unafungwa nyuma yake.

Halafu kuna ushuru wa mafunzo ya viwandani. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ni ya tangu mwaka 1959, na chini yake waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mfuko huo unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mwajiri akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa, anaweza kudai arudishiwe gharama. Ni jambo jema. Lakini ona anayedai ni nani: ni mwajiri. Aliyepoteza kazi hana mwajiri wa kumdaia. Yaani ulipokuwa kazini ushuru ulilipwa kwa kichwa chako mwaka baada ya mwaka, na siku unapouhitaji zaidi ndipo unapokuwa huna mtu wa kukufungulia mfuko.

DIRHAMU YA KWANZA BILA YA PILI

Serikali zetu hazikukaa bure, na kusema hivyo itakuwa ni dhulma. Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ilianzishwa mwaka 1964 na imefunza mafundi wengi. Mwaka 2009 kulikuwa na Kazi kwa Vijana. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na shule, ikaja Kazi Mtaani. Vijana wakasafisha mitaro, wakafyeka, wakafagia, wakalipwa. Nani atasema si kitu? Nyumba nyingi zilipika kwa pesa zile.

Lakini hiyo ni dirhamu ya kwanza. Imelisha nyumba. Mpango ulipokwisha, kijana alirudi maskani na kile alichokuja nacho, hana kifaa wala cheti. Mtaro nao ukajaa tena.

Kuna mipango mengine iliyokaribia kisa chetu zaidi. Kati ya mwaka 2010 na 2016 kulikuwa na mradi wa kuwawezesha vijana uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulioanzia Nairobi, Mombasa na Kisumu. Vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29 walipewa mafunzo na kisha wakapelekwa kwa waajiri kujifunza kazi kwa mikono. Ukafuatwa na mradi wa KYEOP, uliopitishwa mwaka 2016, wa vijana wa miaka 18 hadi 29. Huu ulikuwa na jambo la busara sana: uliwapeleka baadhi ya vijana kwa mafundi stadi wa jua kali wawe wanagenzi wao. Baadaye ukaja NYOTA, nao ukalenga umri ule ule, ila wenye ulemavu wakaongezewa hadi miaka 35.

Miradi hii inastahili kusifiwa kwa kuwa iliunganisha darasa na karakana. Lakini hebu fikiri nami. Tuseme kuna dereva wa lori wa miaka 43, ana watoto wanne, amepoteza kazi. Anaingia wapi? Kwa mwenye miaka 29 mlango uko wazi. Kwa mwenye 43 hakuna hata dirisha. Na huyu ndiye anayelisha nyumba ya vijana watano wanaosubiri nafasi hizo hizo! Tumezoea kusema wasio na kazi ni vijana, tukasahau kuwa kupoteza kazi na kukosa kazi ya kwanza ni maradhi mawili tofauti. Kijana ahitaji kufunzwa. Mtu mzima ahitaji kufunzwa upya, naye tayari ana ujuzi, ana madeni, na ana aibu ya kukaa dawati moja na mtoto wa jirani.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Nitoe mifano miwili tu. Singapore, nao wakiwa watu wa bandari kama sisi, walianzisha mpango wa SkillsFuture mwaka 2015. Kila raia aliyetimiza miaka 25 aliwekewa dola 500 za Singapore za kulipia mafunzo aliyoyachagua mwenyewe katika kozi zilizoidhinishwa. Mwaka 2024 wakaongeza dola 4,000 kwa raia wa miaka 40 na zaidi. Wao ni matajiri na sisi si matajiri, najua. Lakini angalia mwelekeo wa fikra: walipoongeza pesa, waliongeza kwa wenye umri mkubwa, maana wanajua hao ndio ujuzi wao uliozeeka.

Marekani nayo, mwaka 1962 chini ya Rais John F. Kennedy, ilitunga sheria ya kuwasaidia wafanyakazi waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje baada ya serikali kufungua milango ya biashara. Msaada huo ulikuwa na mafunzo ndani yake. Watafiti wamebishana miaka mingi kama uliwanyanyua watu vya kutosha, na tangu Julai 2022 haupokei tena vikundi vipya vya wafanyakazi. Kwa hiyo sisemi tuuige. Nachukua msingi wake tu: serikali iliyokata shauri kwa manufaa ya nchi nzima haiwezi kumbebesha gharama yake mtu mmoja aliyekuwa njiani.

MAMBO MATANO TUNAYOTAKA

Ndugu msomaji, sasa turudi kwenye kipimo chetu. Serikali ya taifa na ya kaunti tuzitake nini hasa?

Kwanza, imuulize mtu ana nini. Fundi aliyechomelea mageti kwa miaka ishirini hana haja ya kuanza darasa la kwanza la uchomeleaji. Ana haja ya kupimwa na kupewa cheti. Njia ipo: mitihani ya ufundi ya NITA ina gredi ya 3, ya 2 na ya 1, na serikali imeanzisha pia utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu bila kujali aliupatia wapi. Kilichobaki ni kuufikisha kwa watu. Gharama yake ishushwe, na mtihani umfuate fundi alipo, Kongowea, Malindi, Kwale, Garissa, badala ya fundi kupoteza siku tatu za riziki akiufuata.

Pili, nyumba ile. Mtu mzima haachi kibarua cha leo akaenda chuo miezi mitatu na watoto wakalala njaa. Mafunzo yake yawe na posho ndogo, au yawe ya jioni na mwisho wa wiki. Na hapa narudi kwenye Ratiba ya Nne. Politekniki na mahali pa kulelea watoto ni kazi ya serikali moja, serikali ya kaunti. Basi kwa nini visikae ua mmoja? Dada zetu na mama zetu wangapi wangejifunza upishi wa hoteli, ushoni au umeme wa sola, lakini hawana wa kumuachia mtoto?

Tatu, shoka na mpini. Kijana anamaliza kozi ya useremala, anapewa cheti na kupigwa picha na mheshimiwa. Randa hana, msumeno hana. Miezi sita baadaye anauza kadi za simu. Vifaa vya kuanzia kazi vihesabiwe ndani ya gharama ya mafunzo tangu siku ya kwanza, hata kama ni kwa mkopo mwepesi usio na riba ambao hata sisi Waislamu tutaweza kuuchukua bila wasiwasi.

Nne, kazi yenye wanunuzi. Kabla ya kufungua darasa, waajiri waulizwe. Mombasa tuna Bandari Maritime Academy, inayofunza mabaharia. Tuna Kenya Coast National Polytechnic. Aliyefanya kazi gatini anaijua bahari na mzigo, na si ajabu akiongezewa kidogo akafaa melini. Lakini ukifungua madarasa matatu ya kushona mtaa mmoja, wote wataishia kushona viraka vya jirani zao.

Tano, siku kumi na tano. Mtume (S.A.W.) aliweka muda na alitaka kuona matokeo. Serikali zetu hutangaza waliofunzwa, ni nadra kusikia waliopata kazi. Kila mpango utoe hesabu ya wazi baada ya mwaka mmoja: walioingia wangapi, waliomaliza wangapi, wanaofanya kazi wangapi. Bila hesabu pesa hupotea njiani. Tulishaona mwaka 2015, kashfa ya NYS iliporipotiwa kumeza shilingi milioni 791. Pesa zile zilikuwa mashoka ya vijana.

WENYE SHAKA NAO

Najua kuna wanaosema mafunzo hayaumbi kazi. Utamfunza mtu, na kazi hakuna, umemuongezea huzuni tu. Hoja hii ina uzito, na ndiyo sababu nimesema waajiri waulizwe kabla ya darasa kufunguliwa. Lakini tusiitumie kama kisingizio cha kutofanya lolote. Mafundi wanaitwa kutoka mbali kuja kufanya kazi ambazo watu wetu wangeziweza kama wangefunzwa. Hilo mmeliona wenyewe kwenye majengo yanayosimama mitaani mwetu.

Wengine husema serikali haiwezi kila kitu, jamii ijisaidie. Nao wana haki, lakini nusu. Tazameni Technical University of Mombasa. Mzizi wake ni taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, MIOME, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, pamoja na pesa za serikali ya wakati ule. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Wazee wetu walichanga, na serikali ikachanga. Mkono mmoja haulei mwana. Na pia kuna funzo jengine hapo: politekniki ilipopandishwa kuwa chuo kikuu tulifurahi, nami ni mmoja wa wanaofaidi vyuo vikuu, lakini kila mlango wa fundi unapogeuzwa kuwa mlango wa digrii, lazima serikali ifungue mlango mwengine wa fundi mahali pake. Nchi haiendeshwi na digrii tupu.

SISI TUFANYE NINI?

Tusingoje. Serikali ya kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na kila mwaka huandaa bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kwa kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwananchi ana haki ya kusikizwa. Lakini vikao hivyo mara nyingi hukuta viti vitupu, na waliokuja wamekuja kwa sababu ya soda. Vijana watano kutoka kila msikiti, wameandika hoja mbili tu, politekniki yetu ina walimu wangapi na vifaa vya waliomaliza viko wapi, wanatosha kubadilisha mazungumzo ya kikao kizima.

Pili, tuwe masikio ya watu wetu. Nafasi hutangazwa, na aliye na miaka 43 hajui. Baada ya swala ya Ijumaa, tangazo la mtihani wa ufundi lina haki ya dakika moja kama lilivyo tangazo la harusi. Na tumsaidie mzee kujaza fomu bila kumcheka.

Tatu, nawaomba wanaosimamia misaada yetu ya Ramadhan. Unga tuutoe, wala tusipunguze. Lakini katika kila familia ishirini, je, haiwezekani moja tukaiuliza lile swali la kwanza, mna nini nyumbani, kisha tukaitafutia shoka? Cherehani moja, sanduku moja la vifaa vya umeme. Tukifanya hivyo sisi wenye mifuko midogo, ndipo tutakuwa na uso wa kuiambia serikali yenye mfuko mkubwa kuwa jambo hili linawezekana.

Ndugu zangu, anayesimama kwenye foleni ya tende leo ana mikono. Tumlishe, kisha tuidai dirhamu yake ya pili, tuidai kwa adabu na kwa hoja, mwaka baada ya mwaka mpaka itoke.

Allah (S.W.) azitakabali saumu zetu, awafungulie milango ya riziki ya halali wote waliofungiwa, na awape viongozi wetu uongofu wa kutekeleza amana waliyobebeshwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.